Radhi Iliyoshuka Gare ya Likolo

Ukivuka mto hapa Kisangani ukaenda upande wa Lubunga, usiulize tu gare, yaani stesheni. Watu watakujibu "gare ipi?" nawe utabaki umesimama na mzigo wako kichwani. Uliza Likolo. Kwa Kilingala likolo ni juu, na gare ile iko juu kweli. Reli inapita kwenye tuta la udongo lililozidi paa za nyumba, na juu ya tuta kuna sakafu ya saruji, mabati yanayofunika nusu yake, na ngazi zilizomeguka kingo. Chini, pande zote mbili, ni nyumba za watu, zimebanana hadi nguo za huyu zinadondoshea maji uani kwa yule. Otorai, ile treni nyepesi ya mabehewa mawili inayotoka Ubundu, husimama pale muda wa mtu kushusha kuku wake na kutukanwa kidogo, kisha inaendelea. Watu husema "nashuka Likolo", yaani nashuka juu, na hakuna anayecheka isipokuwa wageni.

Otorai yenyewe, tuseme ukweli, haina haya. Ikisema Jumatano, wewe soma Ijumaa. Ikisema Ijumaa, endelea na shughuli zako, utaitwa. Ndiyo maana siku ambazo haipo, na siku hizo ni nyingi, gare ni baraza la mtaa mzima. Mihogo inaanikwa kando ya reli, wanafunzi wanakariri masomo yao kwenye ngazi, na mvua kubwa ikijaza mtaa maji, kila mtu anapanda juu na sufuria yake.

Ramla anauza chai na mikate pale. Usidhani ni mkate wa kukata kwa kisu. Mikate ya huku ni yale madonge ya unga yanayokaangwa kwenye mafuta hadi yanakuwa mekundu, na ya Ramla hayalewi mafuta. Ni mwanamke mrefu, wa miaka thelathini na kitu, mwenye sauti kubwa na kitambaa kilichofungwa vizuri kichwani hata akiwa mbele ya moto. Alitoka Maniema, upande wa Kindu, na alikuja huku akiwa msichana, amemfuata mwanaume.

Mwanaume huyo ni Mohamadi. Wakati ule alikuwa anafanya biashara kwa baiskeli, anasukuma chumvi na sabuni kutoka Kisangani hadi kwao Ramla. Siku hizi baiskeli ni ile ile, ila inabeba watu. Ni mtu wa toleka, taksi ya miguu miwili. Ni mpole, anaswali, halewi. Lakini mama yake Ramla, Mama Feza, alikuwa amekwisha kumpangia binti yake mtoto wa binamu yake, mwenye duka. Ramla alipokataa, hakupigwa wala hakufungiwa. Mama Feza alisimama mlangoni na kusema: "Enda. Lakini radhi yangu inabaki hapa, nawe utakaa mikono mitupu."

Neno la mama si maji ya kunawa. Ramla alikuja Lubunga akapata mimba, ikatoka. Akapata ya pili, nayo ikatoka, na tangu hapo kimya. Alikwenda kwa daktari, alikwenda kwa shehe, alikunywa majani machungu ambayo sitaki hata kuyataja. Daktari alisema mambo yake, lakini moyoni Ramla alikuwa na jibu moja tu. Radhi ilibaki mlangoni kule kwao, na mwenye radhi hataki kusema naye hata kwa simu. Ndugu yake Assumani akipiga, Ramla alikuwa anasikia mama akikohoa nyuma, na Assumani anasema, "Mama anakusalimia." Mama hakusalimia chochote. Ilikuwa ni Assumani na huruma yake.

Hilo ni jeraha moja. La pili lilikaa karibu zaidi, hapo hapo gareni, na jina lake Nadège.

Nadège ni mke wa Doudou, mvuvi wa Wagenia, mmoja wa wale wanaotega mitego mikubwa ya vikapu kwenye maporomoko. Ana watoto sita, kicheko cha kusikika ng'ambo, na samaki wa kukausha kwa moshi. Mwanzo wa mvua alipanda Likolo na kikapu kimoja, akaomba kukaa kwenye ncha ya kivuli. Wiki iliyofuata ncha ilikuwa nusu. Akaleta na jiko lake dogo la makaa la kupashia samaki, na moshi, kwa kuwa moshi hauna adabu, ukaenda moja kwa moja kwenye mikate ya Ramla. Nani anataka kunywa chai na mkate wenye harufu ya kambale?

Basi vikaanza vijembe. Wanawake hawa hawakugombana kama watu wa kawaida, uso kwa uso. Kila mmoja alikuwa anasema na biashara yake. "Vumilia, mafuta yangu," Ramla anaiambia karai, "kuna watu walizaliwa mu moshi, watakufa mu moshi." Na Nadège anawaambia samaki: "Mulale tu, wapenzi. Kelele ya sufuria haizuie mutu kula." Wateja walikuwa wanakaa katikati wakifurahi, wanaagiza chai ya pili ili wasikose mchezo.

Mpaka siku moja Nadège akavuka mpaka. Ramla alikuwa amesema kitu kikali kuhusu watu wasiooga, na Nadège, bila kuinua kichwa, akawaambia samaki wake: "Musihuzunike. Ule mama hana hata mutoto wa kutuma chumvi, acha aseme na karai."

Hapakucheka mtu. Ramla alizima moto, akakusanya vikombe, akashuka ngazi. Kesho yake alirudi, akakaa mahali pake, na tangu siku hiyo hakusema neno, si kwa Nadège, si kwa karai. Nadège naye aliona alichofanya, maana si mtu mbaya, ana mdomo tu usio na breki. Lakini kuomba msamaha mbele ya gare nzima? Aa. Miezi ikapita, wanawake wawili chini ya bati moja, kimya kama watu wa matanga.

Sasa, mwaka huu baada ya Ramadhani, Assumani akapiga simu na sauti yake haikuwa ile ya siku zote.

"Yaya, mama anakuja kwako," alisema. Yaya ni dada mkubwa, huku na kule. "Tulimupakiza mu balenyeri na watu wa hakika. Atafika Ubundu, kisha akamate otorai ya Jumatano."

Ramla alikaa chini kwenye ukingo wa sakafu, miguu inaning'inia juu ya reli. "Anakuja kufanya nini?"

"Anasema iko na neno yake na weye. Anasema neno ile haipite kwa telefone. Tena, yaya... macho yake inamusumbua kidogo."

"Kidogo namna gani?"

"Kidogo tu."

Ramla alilia palepale, mbele ya wateja, wala hakujificha. Alijua neno ni lipi. Mwanamke mzee haachi nyumba yake, hapandi balenyeri, ile mashua ya mbao inayojaza watu, mbuzi na magunia, ati aje kusalimia. Mama alikuwa analeta radhi. Kitu kimoja tu alichokitaka duniani kilikuwa kinashuka mto kuja kwake, na Ramla akaapa atakipokea kama kinavyostahili: kuku, lituma ya ndizi iliyopondwa vizuri, mkeka mpya, na yeye mwenyewe amesimama gareni amejifunga kikwembe kipya, amkamate mama mkono kabla hajagusa ardhi.

Na hapo ndipo alipokosea, kosa ambalo mgeni asingeweza kulifanya. Mgeni angesikia Jumatano, angekwenda Jumatano. Ramla alikuwa ameishi na otorai ile miaka yote, anaijua tabia yake kama anavyojua ya mume wake. Jumatano? Jumatano ndiyo siku ya kwenda soko! Asubuhi alimwaga maji kwenye makaa, akavuka mto kwa pirogi kwenda mjini, akachagua kuku polepole, akagombana na muuza mikeka hadi wote wawili wakafurahi, akanywa na soda. Mohamadi alikuwa mjini na toleka yake. Nyumba ilifungwa kwa kufuli.

Otorai, mwana haramu yule, ikafika Jumatano. Saa sita kamili za mchana.

Ramla hakujua lolote. Alirudi alasiri, kuku kwapani, mkeka begani, na pirogi ilipokaribia ukingo wa Lubunga akamwona Nadège amesimama kwenye matope, maji yanamfika kwenye vifundo, anamwangalia yeye. Mtu msiyesemeshana naye hawezi kukusubiri ufukweni kwa jambo jema.

"Mohamadi?" aliuliza kabla pirogi haijagusa nchi.

"Mohamadi iko muzima. Ni mama yako."

"Amekufa?"

"Amefika," alisema Nadège. "Yaya Ramla, shuka kwanza. Kuna kitu kimenipata."

Nadège alisimulia wakipanda njia ya mchanga. Mambo yalikuwa hivi. Otorai ilisimama, na kontrolere akamshusha bibi mmoja na kifurushi, akamweka juu ya sakafu, akapuliza filimbi, wakaenda. Watu wengine waliteremka wakaenda zao. Bibi akabaki amesimama, uso ameelekeza upande ambao hakuna mtu. Nadège akaona haoni. Akaacha samaki wake, akamkimbilia, akamshika mkono.

"Ni nani?" bibi aliuliza.

"Karibu, mama. Ni miye, mutoto wako."

Nikuulize wewe unayesoma: ungejibu nini? Nani kati yetu, akiulizwa na mtu mzima ambaye hamjui, hasemi "ni mimi mtoto wako"? Ndiyo heshima. Kutaja jina lako kwanza mbele ya mzee ni kujiona. Nadège alisema kile ambacho mama yake alimfundisha kusema, na kile ambacho Mama Feza mwenyewe aliwafundisha wanawe.

Lakini Mama Feza alikuwa amekuja kutafuta mtoto wake. Aliposikia sauti ya kike inasema neno hilo, kwenye gare aliyoambiwa, hakungoja zaidi. Alishika mikono ya Nadège yote miwili na maneno yakamtoka, yote, palepale juu ya reli, kwenye jua. Alisema bila kupumua. Kisha akageuza viganja vya Nadège juu, akavitemea mate kidogo, kama wazee wanavyobariki. Na mwisho kabisa ndipo akataja jina: "Basi, Ramla wangu. Sasa nimetua."

"Nikasikia Ramla," alisema Nadège, "nikajua nimekwisha."

Ramla alikuwa amesimama katikati ya njia. "Kwa nini haukumwambia?"

"Alilia, yaya. Kisha akacheka. Nikamuleta kwangu, akakula samaki, akanisema ati Kisangani iliharibu Kiswahili yangu. Kisha akasinzia mu kiti. Utamuamsha mama muzima umwambie alikosa mutoto?"

Hasira ilimpanda Ramla hadi macho yakamwuma. Karibu miaka ishirini! Na katika wanawake wote wa Lubunga, wenye vinywa na wasio na vinywa, radhi yake imekwenda kumwangukia huyu. Alitaka kumpiga kwa kuku. Nasema kweli, alimwinua kuku yule kidogo.

"Alisema nini?" aliuliza mwisho.

"Mingi. Ya kukufungia mulango. Ya bwana yako." Nadège alishusha sauti, akaangalia nyuma kama mtu anayekimbizwa. "Na ya tumbo."

"Ya tumbo nini?"

"Ati tumbo lako lifunguke, lizae! Yaya, kwa jina la Yesu, miye niko na sita! Doudou akisikia hii habari atahamia mu maporomoko. Twende ukamate yako. Twende mbio, usiniache nayo."

Ramla hakutaka kucheka. Kicheko kilimtoka puani, kikachanganyika na machozi, na kuku akapiga mabawa. Wakaenda mbio.

Mama Feza alikuwa ameamka. Alikaa kwenye kiti cha plastiki uani kwa Nadège, kanga mabegani, mdogo kuliko Ramla alivyomkumbuka, na macho yake yote mawili yalikuwa na utando mweupe. Kidogo tu, Assumani alisema!

"Ramla?" mama aliita, akisikia hatua. "Unaniacha na watoto wa watu, ulienda wapi?"

Nadège alipiga magoti. "Mama, nisikie muzuri. Miye naitwa Nadège. Niko jirani. Ramla ni huyu, anatoka soko sasa."

Mikono ya bibi ilianza kutafuta kitu kwenye kanga, haikukipata.

"Uliniambia uko mutoto wangu."

"Ni heshima, mama. Huku tunasema vile."

"Hata kwetu tunasema vile," alisema Mama Feza taratibu. "Ee Mungu wangu. Macho ilienda, sasa akili pia?" Kisha akageuza uso upande mwingine, ukali wote wa zamani ukarudi mahali pake. "Na weye, kwa nini haukuja kunipokea?"

"Otorai haifikage siku yake, mama."

"Ilifika."

Ramla aliweka mkeka chini, akapiga magoti karibu na Nadège, akaweka kichwa kwenye mapaja ya mama yake. Mkono wa mama ulikuja, ukapita kwenye kitambaa, shavuni, kidevuni, ukakaa pale. Walilia wote wawili, na Nadège, ambaye hakuhusika, alilia kuwazidi.

"Mama," Ramla alisema alipoweza, "niambie na mimi vile ulimwambia."

"Siwezi."

"Mama!"

"Siwezi, Ramla. Maneno ile nilitoka nayo nyumbani. Mu balenyeri kila asubuhi nilikuwa nayasema moyoni, nisiangushe hata moja. Yalipotoka, yalitoka. Nikianza kutafuta ingine sasa nitakuwa naigiza, na radhi haiigizwi."

"Basi nimeikosa," alisema Ramla. Sauti yake kubwa, ambayo gare nzima inaijua, ilikuwa haisikiki.

"Nani alisema umeikosa? Iko hapa." Mama Feza alinyoosha kidole upande wa Nadège, akakosea kidogo, akakirekebisha. "Weye. Otorai ikishusha kwako kifurushi cha mwenzako, unafanya nini?"

"Nampelekea mwenyewe," alisema Nadège.

"Basi peleka."

Nadège alimwangalia bibi, akamwangalia Ramla. Miezi yote ile hawakuwa wametazamana hivyo. "Na mate pia?"

"Na mate pia. Nusu ya radhi ni mate."

Basi Nadège akashika mikono ya Ramla, mikono yake ikinuka moshi, akageuza viganja juu, akatema kidogo kwa aibu. Akafumba macho ili akumbuke.

"Mwanangu," alianza. "Nilikufungia mulango, na mwenye kubaki inje nilikuwa miye."

"Vizuri," alisema Mama Feza. "Endelea."

"Bwana uliyemuchagua, nimemupokea. Ni mutu. Moto wa nyumba yako usizimike. Tumbo lako lifunguke, lizae." Hapa Nadège alipaza sauti, akafungua macho, akarudia haraka haraka: "Tumbo lako, Ramla, mutoto wa Mama Feza, muke ya Mohamadi! Lifunguke lizae!"

"Mara moja ilitosha," alisema bibi.

"Hapana, mama. Nataka iende yote."

Ramla alicheka, na Mama Feza akacheka kwa pua, kumbe kicheko chao ni kimoja. Lakini Nadège alikuwa ameacha kucheka. Sehemu iliyobaki alikuwa anaikumbuka vizuri, na hakuitaka mdomoni mwake.

"Endelea," mama alisema. "Haijaisha."

"Na ile neno mubaya..." Nadège alizidi kuishika mikono ya Ramla. "Ile neno mubaya nilikutupia, ya mikono mitupu, ya mutoto..."

"Ya mutoto sikusema," alisema Mama Feza. "Nilisema mikono mitupu tu."

Machozi yalikuwa yanamtiririka Nadège hadi kidevuni, na hakuachilia mikono ya Ramla ili ajifute. "Ile neno ilitoka mu kinywa changu, haikutoka mu moyo. Kila siku naikumbuka. Nisamehe."

Watoto wa Nadège walikuwa wamejazana mlangoni, wote sita. Ramla aliiangalia mikono iliyomshika. Kisha akamwangalia mama yake, aliyekuwa amesogea mbele kwenye kiti, shingo ameinyoosha, anasubiri.

"Nimesamehe," alisema Ramla.

"Aksanti," walijibu Mama Feza na Nadège pamoja.